Elimu ya mimea itolewe shambani, wazee wakiwepo

Ndugu Mhariri,

Nimezisoma barua za wasomaji wenzangu kuhusu vijana wa pwani wasiojua tena mimea iliyowazunguka. Wengi wameshauri kiandikwe kitabu kikubwa chenye picha za rangi, kisambazwe shuleni. Kitabu ni jambo jema na sina ugomvi nacho. Ila mimi naishi mahali ambapo vitabu vya namna hiyo vipo tele, na bado wenyeji waliona kwamba pasipo shamba la kufanyia kazi, elimu yenyewe ilikuwa inawaponyoka. Naomba nafasi nieleze ninayoyaona huku, kwa sababu naamini kazi hii tunataka kuianzia mwisho.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Ndoa ndiyo iliyonileta Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani, katika kisiwa kikubwa kuliko vyote vya huko, wilaya ya Kona Kusini. Nasafisha vyumba hotelini Kailua-Kona. Ukipanda mlima kutoka ghuba ya Kealakekua unafika kwenye mji mdogo uitwao Captain Cook, na kando ya barabara kuu kuna bustani iliyopewa jina la Amy B. H. Greenwell. Bibi huyu alitoka katika ukoo wa wafugaji wa hapahapa. Alipenda mimea, alipenda pia mambo ya kale, na alipofariki mwaka 1974 aliacha usia ardhi yake ipewe makumbusho ya Bishop Museum ya Honolulu. Alitaka watu waione Kona jinsi ilivyokuwa kabla meli za nahodha Mwingereza James Cook hazijatia nanga kwenye ghuba ile mwaka 1779.

Bustani ina ekari kama 15 na imepangwa kufuata mlima. Kuna sehemu ya mimea ya ufukweni, inafuata ya msitu mkavu, kisha mazao ya shambani, halafu miti ya juu kwenye mvua nyingi. Katikati ya mazao utaona kuta za mawe zilizolala kwa urefu, kutoka upande wa bahari kuelekea mlimani. Wenyewe huziita kuaiwi. Ni mabaki ya mashamba ya zamani ya Kona, yaliyotanda kwenye miteremko ya milima ya Mauna Loa na Hualālai, na hakuna mfereji hata mmoja wa kumwagilia. Wakulima walitegemea mvua peke yake, wakagawa mteremko kwa kadiri mvua inavyozidi. Chini kulikuwa na viazi vitamu, mimumunye ya kutambaa inayotoa vibuyu, na mti wa magome uitwao wauke. Juu yake ukaja ukanda mzima wa mishelisheli. Juu zaidi magimbi, viazi na miwa, na huko kwenye ukungu migomba. Mawe waliyoyaokota wakati wa kusafisha shamba ndiyo yaliyojengewa kuta, na juu ya kuta wakapanda miwa. Kona mvua hunyesha zaidi miezi ya kiangazi chao, mawingu hushuka alasiri baada ya asubuhi yenye jua kali, na ukisimama bustanini saa tisa mchana unaelewa kwa nini kila zao liliwekwa pale lilipowekwa. Hili hata mwanangu alilielewa kabla hajaweza kulisoma popote.

Sasa nieleze siku za kujifunza zenyewe, maana humo ndimo hoja yangu ilimo.

Bustani hii ina desturi ya kuwaita watu waje kufanya kazi. Zipo siku za kujitolea, za palizi na kupanda. Zipo siku za mafunzo, anakuja mtu mwenye ujuzi wake na watu wanakaa naye. Na zipo siku za kuuza miche, ambapo familia zinaondoka na mimea ya asili kwenda kuipanda nyuma ya nyumba. Mwaka 2011 ilifanyika hapo sikukuu nzima ya shelisheli, kwa juhudi za watu waliotaka mti huo urudi kwenye viwanja vya watu. Hawaii huleta kwa meli na ndege sehemu kubwa kabisa ya chakula chake, na mshelisheli mmoja uliokomaa unalisha nyumba. Miaka mitano baadaye wakulima wa kisiwa hiki wakaunda ushirika wa kukusanya na kuuza mashelisheli. Sisemi sikukuu moja ilizaa ushirika, lakini watu walikwisha kujuana.

Mafunzo yaliyonishika zaidi ni ya nguo za magome, kapa. Anti mmoja, mama mtu mzima ambaye kila mtu huku humwita hivyo kwa heshima, alitupeleka kwanza kwenye mashina ya wauke. Hakuanza na nyundo wala rangi. Alitwambia tuinamishe vichwa tutazame ubavuni mwa shina, pale vichipukizi vidogo vinapotokeza. Kila kichipukizi lazima kivunjwe kingali laini, kwa kucha tu, na kazi hiyo irudiwe mpaka shina linyooke na kumpita mtu kwa urefu. Ukikiacha kikawa tawi, gome litakuwa na kovu mahali hapo, na siku ya kuliponda kovu litafunguka kuwa tundu katikati ya nguo. Kwa hiyo mtengeneza kapa hodari huanza kuitengeneza nguo yake miezi mingi kabla hajalikata shina. Sijaona kitabu kilichoniambia hivyo, na kama kilisema, nilipita bila kusimama. Pale, na kucha zikiwa zimekuwa kijani, sitasahau.

Baadaye anachana gome kwa urefu, analibandua lote kwa mpigo mmoja, anakwangua ganda la nje kwa kombe la baharini, anabaki na utepe mweupe wenye utelezi. Unalowekwa. Unapondwa kwanza juu ya jiwe kwa rungu la mviringo, kisha juu ya gogo kwa kipondeo chenye pande nne, kila upande umechongwa mistari yake, na mistari hiyo hubaki ndani ya nguo, unaiona ukiinyanyua juani. Utepe wa upana wa kiganja unapanuka mbele ya macho yako. Kule Uganda Baganda hufanya kazi iliyo karibu na hii kwa gome la mutuba, na nilipomweleza Anti habari hiyo alinihoji mpaka nikaishiwa. Alitaka kujua kama mti unakufa ukibanduliwa, nikamwambia hapana, wanaufunga majani ya mgomba na gome linaota upya. Alinyamaza kidogo akitazama mashina yake, ambayo lazima yakatwe.

Na siku ya lauhala, yaani kusuka majani ya hala, mimi niliingia nikijiona wa nyumbani. Hala ni jamaa ya mkadi wetu. Wanawake wa pwani wanaujua mkadi kwa maua yake yanayotiwa kwenye vikuba pamoja na asumini na mrehani, lakini huku mti huu unasifiwa zaidi kwa majani. Majani yana miiba midogo pembeni na mgongoni, inatolewa kwanza, halafu jani linalainishwa kwa kuvutwa mara nyingi chini ya kisu kisichokata, linaviringishwa kama gurudumu na kuhifadhiwa. Wakati wa kusuka ndipo linachanwa mikanda yenye upana sawa. Mimi nimelelewa kwa ukindu. Tunasuka ukili mrefu, pingili kwa pingili, ukili unarundikwa, na mkeka unapatikana pale ukili unaposhonwa mzunguko kwa mzunguko. Wao hawashoni. Mkeka mzima unasukwa kwa mshazari kutoka pembe moja, unaongezwa mikanda, unakua ukiwa kipande kimoja. Yule mwalimu alinipa mikanda yake nimwonyeshe ukili, mikono yangu ikakumbuka yenyewe, na wanawake waliokuwapo wakasogea kutazama. Tulikaa mpaka giza likakaribia. Hilo nalo ni la kuangalia kwa makini: siku ya kazi ya mikono inampa mgeni nafasi ya kuleta chake. Mbele ya kibao kilichoandikwa jina la mti, mgeni husoma na kupita.

Kwenye magimbi nitaenda taratibu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wa Hawaii wanapoweka moyo. Gimbi kwao ni kalo. Wanasimulia kwamba mtoto wa kwanza wa Wākea na Hoʻohōkūkalani alizaliwa hana uhai, akazikwa karibu na nyumba, na kaburini likaota gimbi. Mtoto wa pili akawa mtu, akaitwa Hāloa, na watu wote wa Hawaii wametoka kwake. Gimbi basi ni kaka mkubwa. Mtoto anayesimuliwa hivyo akiwa ameshika pando lenye tope mkononi hafanyi mchezo nalo. Nimewaona wakilitia ardhini kwa mikono miwili.

Gimbi lisiloiva vizuri huwasha kooni, kama anavyojua yeyote aliyepikiwa kwa haraka. Ndani yake kuna vichembe vidogo vyenye ncha kama sindano, na kinachovituliza ni kupikwa muda mrefu. Yakishaiva yanamenywa kwa kukwanguliwa na kombe, wakati bado ya moto, yanawekwa juu ya ubao mrefu uliochongwa kama sinia bapa, na wapondaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja na jiwe lake. Maji ni ya kulowesha jiwe lisinase tu. Linapopondwa likashikana na kuwa zito na laini kama unga uliokandwa, hiyo ni paʻi ʻai, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Ukiongeza maji inakuwa poi. Kwa miaka mingi haikuruhusiwa kuuzwa kwa umma ikiwa imepondwa kwa ubao na jiwe, kwa sababu ya kanuni za afya zilizotungwa kwa ajili ya majiko ya kisasa. Vijana wapondaji na wakulima wakaenda kudai, na mwaka 2011 sheria ya jimbo ikapitishwa ya kuiruhusu kwa masharti. Sheria ile ilipatikana kwa sababu walikuwapo vijana waliokuwa wakiponda. Kama ujuzi ungekuwa umebaki kwenye makabati, nani angekwenda kudai haki ya kupika chakula asichokijua?

Watoto wana kazi zao. Iliyowafurahisha wangu ni ya kukui, mti ambao ndio mti rasmi wa jimbo. Kokwa zake zina mafuta mengi. Zinachomwa kidogo, zinapasuliwa kwa uangalifu kiini kitoke kizima, viini vinatungwa kwenye chelewa kama mishikaki, na chelewa inasimamishwa. Unawasha kiini cha juu. Kinawaka dakika chache, kinakaribia kuzima, moto unashukia kinachofuata. Zamani mtoto alikaa pembeni ya taa hiyo kuhakikisha moto unashuka, na ndivyo ilivyopangwa pale: kila mtoto na taa yake, marufuku kuiacha. Ninyi mnaofagia kwa chelewa kila asubuhi mtaona jinsi nilivyotabasamu. Viini vilivyobaki vilikaangwa vikatwangwa na chumvi, vikawa kiungo cha kulia samaki.

Na mtondoo! Ule wa ufukweni, ambao mafuta yake wazee wetu waliyajua vizuri, huku unaitwa kamani na walichonga mabakuli kwa mbao zake. Mti ni uleule. Manjano yapo, minazi ipo, miwa ipo. Wapolinesia, wahenga wa watu wa Hawaii, walivileta kwa mitumbwi, kila mche ukiwa hai, maana mshelisheli wa Hawaii hauna mbegu na huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi. Mtu alikaa baharini wiki kadhaa akiugawia mche maji yake ya kunywa. Nikifikiri hivyo, naona aibu kwa sisi tunaoukata mshelisheli ili tupate pa kuegesha gari.

Nije kwenye lililotokea mwaka 2016. Makumbusho iliyokuwa ikimiliki bustani ilikuwa na matatizo ya fedha, ikatangaza kwamba itaiuza, na mapema mwaka huo geti likafungwa kwa umma. Kwa sisi tuliozoea kwenda ilikuwa msiba. Bustani yenye kuta za mababu na mimea ambayo mingine porini imebaki michache mno, ikawa inasubiri mnunuzi. Kilichoiokoa ni kwamba watu walikwisha kuifanya yao. Kikundi cha majirani na waliojitolea, wanaojiita Marafiki wa Bustani, kilikataa kukaa kimya. Wakachangisha, wakaandika maombi, wakahudhuria vikao, wakapata msaada wa taasisi ya hifadhi ya ardhi iitwayo The Trust for Public Land, na mwishowe ardhi ikanunuliwa ikawa mikononi mwa jamii. Ilichukua miaka. Milango ikafunguliwa tena na siku za kazi zikarudi.

Nataka wasomaji walipime jambo hili. Mtu aliyekwenda mara moja kutazama na kupiga picha hachangii kununua bustani. Aliyevunja vichipukizi vya wauke kwa kucha zake huchangia, na humpeleka jirani. Taasisi moja, hata iwe na nia njema kiasi gani, hukosa fedha siku moja. Nasikia watu nyumbani wakisema serikali ianzishe, chuo kianzishe, mfadhili aanzishe. Waanzishe, tutashukuru, lakini kama mtaa haumo tangu siku ya kwanza ya jembe, siku fedha zikikatika kutakuwa na geti na kufuli na hakuna wa kulia.

Kuna jambo jingine linalotuunganisha moja kwa moja na mimea ya huku, na Watanzania wachache sana wanalijua. Hawaii ina mti uitwao wiliwili, wa msitu mkavu, ambao haupatikani kwa asili popote pengine duniani. Ni ndugu wa mwamba-ngoma wetu: maua yake ya rangi ya moto, mbegu nyekundu za kutunga mashada, mbao nyepesi kupita kiasi, zilizotumika kwa maboya ya nyavu na ndege ya mtumbwi, ule mti wa pembeni unaouzuia usipinduke kama kwenye ngalawa. Mwaka 2005 aligunduliwa Hawaii nyigu mdogo sana, ambaye asili yake inaaminika ni Afrika Mashariki, anayetaga mayai ndani ya majani machanga. Jani linavimba, linajikunja, linaota vinundu, linadondoka. Katika miezi michache alifika visiwa vyote, na miti ikasimama mitupu kama imeunguzwa.

Wataalamu wa kilimo wa Hawaii wakafikiri hivi: mdudu huyu kwao hamalizi miti, basi lazima kwao kuna kinachomzuia. Wakaja Afrika kutafuta. Nchini Tanzania wakampata nyigu mwingine, Eurytoma erythrinae, ambaye mtoto wake huishi kwa kuwala watoto wa yule mharibifu ndani ya vinundu vyao. Akachukuliwa, akawekwa karantini, akajaribiwa kama atagusa wadudu wengine, na Novemba 2008 akaachiliwa. Wiliwili ikaanza kuota majani tena. Tatizo halijaisha, maua na maganda ya mbegu bado yanashambuliwa, lakini miti iliyodhaniwa imekwisha iko hai. Nilipolisikia hili kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama chini ya wiliwili, niliwaambia waliokuwapo kwamba natoka nchi ya nyigu huyo. Mzee mmoja akanishika mkono akanishukuru, kana kwamba nilimleta mimi mwenyewe. Nikamwahidi nitaufikisha ujumbe wake nyumbani, na kupitia gazeti lako nadhani nimeufikisha.

Fikiria sasa: dawa ya msitu wa visiwa vya mbali ilikuwa kwenye miti yetu, ambayo wengi wetu tunaipita kila siku hatuijui jina. Mwanafunzi wa Muheza au wa Morogoro anayejua mwamba-ngoma ulipo, unachanua lini na wadudu gani wanaukalia, ana elimu ambayo wataalamu walivuka bahari mbili kuifuata.

Wapo watakaouliza kama elimu yote ya mimea inafaa kuwekwa hadharani. Ni swali la haki. Huku wenyeji wameamua wenyewe. Ukiingia kuchuma kitu unaomba ruhusa kwanza, mara nyingi kwa wimbo wa kuomba kuingia, na mwenyeji anajibu. Kuhusu dawa, nimeona wazee wakifundisha jina la mmea, makazi yake na namna ya kuutunza, halafu wakasema matumizi fulani hayasemwi hapa. Hakuna aliyewashinikiza. Wala si kila mtu anayevaa shada shingoni huachiwa kufundisha. Wakunga na waganga wetu wananyamaza mbele ya watafiti kwa sababu wameona wenzao wakiandikwa bila kutajwa wala kulipwa. Wakipewa mamlaka ya kusema hili ndiyo, hili hapana, naamini watasema mengi kuliko tunavyodhani.

Na walipwe. Hapa natia mkazo. Mzee anayekaa siku nzima akifundisha kusuka au kuponda anafanya kazi ya mwalimu, na bahasha yake iandaliwe kabla ya chakula cha wageni wa heshima.

Lipo ambalo sikubaliani nalo huku, nalo nilitaje. Mafunzo mengine hutozwa ada, na mengi hufanyika siku ambazo sisi wa mahotelini tuko zamu. Matokeo yake, kwenye baadhi ya madarasa unakuta wastaafu waliohamia kutoka Marekani bara wengi kuliko wenyeji wanaohudumia vyumba vyao. Nimelisema kwenye mkutano, likasikilizwa. Tukianzisha yetu, siku ipangwe na mvuvi na muuza mboga, na mlango uwe bure kwa mtoto yeyote aliyekuja na jembe.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kihawaii kiliondolewa kufundishia shuleni mwaka 1896, kikakaribia kutoweka, na mwaka 1984 wazazi wakafungua shule ya kwanza ya chekechea ya kukirudisha. Leo, Kealakekua ina shule inayofundisha kwa Kihawaii mpaka sekondari. Mtoto anayejifunza jina la upepo na la aina ya gimbi katika lugha iliyoyapa majina hayo anahitaji mahali pa kuyakuta mambo yenyewe, na bustani kama hii ndipo panapofaa. Sisi lugha tunayo, haijatutoka. Wanaotoka ni wazee, mmoja mmoja, kila mwaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ushauri wangu kwa wanaotaka kitabu ni kwamba watafute kwanza kiwanja. Kisiwe kikubwa. Nyuma ya shule ya msingi panatosha, au uani mwa msikiti au kanisa, au kipande cha shamba la mkonge kilichoachwa. Wapande vitu vya kufanyia kazi: mkindu wa ukili, mkadi, mtondoo, magimbi ya aina zote ambazo bibi zao walizitofautisha kwa rangi ya shina, mrehani, mpatakuva wa kunyunyizia mtoto mwenye homa. Wachague siku moja ya mwezi isiyobadilika. Waite bibi mmoja anayesuka na babu mmoja anayejua ngalawa. Kitabu kitaandikwa na watoto hao wenyewe wakishakuwa na la kuandika.

Mwisho, nina ombi la upande wangu. Ndugu na marafiki wamekuwa wakinitumia ujumbe niwaletee mbegu na miche ya Hawaii nikija likizo. Sileti, na tafadhali msiniombe. Mizigo ya mimea hapa hukaguliwa uwanja wa ndege kwa sababu nzuri, na aliyesoma habari ya wiliwili hapo juu ataelewa ni kitu gani kinaweza kusafiri ndani ya jani moja lililofungwa kwenye kanga. Nitakacholeta ni kipondeo cha kapa nilichochongewa, nikionyeshe shule yoyote ya wilaya ya Pangani itakayonikaribisha. Nitakuwa nyumbani kuanzia baada ya Idi. Walimu wanaopenda waandike kwa mhariri, na kama shuleni kwao kuna mkindu, waniambie mapema nije na kisu.

Wako msomaji,
Mzaliwa wa Pangani,
Kona Kusini, Hawaii